Barua pepe zangu za mauzo zinafunguliwa, lakini hazijibiwi

Mwalimu, salaam kutoka Kampala.

Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda, na sasa nafanya kazi ya mauzo katika kampuni ndogo ya uchapaji hapa Nasser Road. Tunachapa lebo za chupa, maboksi na mifuko ya kufungia bidhaa. Zamani kazi ilikuja yenyewe: mteja anashuka na flashi yake mkononi, anazunguka milango kadhaa, anachagua bei inayomfaa. Siku hizi kila mlango una mashine, na bosi ameamua tuwafuate wateja kwa barua pepe, hasa viwanda vidogo vya vyakula na vinywaji nje ya Kampala.

Alinunua orodha ya anwani kutoka kwa kijana mmoja, maelfu ya anwani, akaweka na programu ya kutuma kwa mkupuo. Kila asubuhi natuma. Programu inaonyesha kwamba wengi wamefungua. Wanaojibu ni wale wanaosema "niondoe kwenye orodha yako", na mmoja aliyeuliza bei, nikamtumia, akanyamaza. Bosi anasema dawa ni kuongeza idadi. Mimi kamisheni yangu inategemea oda, na oda hakuna.

Barua yenyewe tunaituma kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"OFA KABAMBE YA UCHAPAJI!!! Mpendwa Bwana/Bibi, natumaini barua hii imekukuta salama. Sisi ni kampuni inayoongoza nchini Uganda kwa uchapaji wa kisasa wenye viwango vya kimataifa. Tuna uzoefu wa miaka mingi na wataalamu waliobobea. Tunachapa lebo, maboksi, mifuko, kalenda, kadi za harusi, fulana, mabango na mengine mengi kwa bei nafuu. Tafadhali tazama katalogi tuliyoambatisha na usisite kuwasiliana nasi kwa mahitaji yako yote. Tunatarajia ushirikiano mwema."

Je, Kiingereza changu ndicho kibovu? Niache barua pepe nihamie WhatsApp? Na wateja wa Goma na Bunia, kule Kongo, wanaokuja Kampala kununua mzigo, hao niwaandikieje?

Dada wa Lebo, Kampala

---

Dada wa Lebo, salaam.

Lugha haina kosa. Barua hiyo hata ungeiandika kwa Kiluganda cha Mengo isingejibiwa, kwa sababu haimuulizi mtu kitu. Isome tena ukitafuta alama ya kuuliza. Umemwambia mtu usiyemjua kwamba wewe ni hodari, ukamtwisha katalogi, ukamwambia asisite. Yeye hakusita, alifuta.

Barua ya kwanza kwa mtu asiyekujua haiuzi kitu. Hakuna mwenye kiwanda atakayekuagiza lebo elfu kumi kwa sababu ya aya aliyoisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni ya benki. Kazi ya barua hiyo ni kumfanya ajibu mstari mmoja tu. Oda inakuja baadaye, kwa simu, kwa sampuli, kwa kutazamana usoni. Ukilikubali hilo, nusu ya mliyoyaweka mle ndani yanajitoa yenyewe: kalenda, fulana, kadi za harusi, wataalamu waliobobea.

Lakini kabla ya kuigusa barua, tuitazame hesabu ya bosi, maana ndiyo inayowapoteza wote wawili. Programu hujua barua "imefunguliwa" kwa kuficha ndani yake picha ndogo isiyoonekana. Picha ikipakuliwa, inahesabu moja. Tangu 2021, programu ya barua ya Apple huzipakua picha hizo yenyewe kwa watumiaji waliokubali kulinda faragha yao, mtu asome asisome. Mitambo ya ulinzi ya baadhi ya makampuni nayo huchungulia barua kabla haijamfikia mwenyewe. Na kwa upande wa pili, anayesoma huku picha zimezimwa hahesabiwi kabisa. Kwa hiyo ile namba nzuri ya asubuhi haikuambii nani amesoma. Hesabu majibu, na katika majibu hesabu yale yenye swali ndani yake.

Kuhusu orodha ya kununua, mimi ningeitupa. Anwani nyingi za namna hiyo ni za mapokezi, au za watu waliohama kazi, au zimekufa. Zilizokufa zinarudisha barua, walio hai wanabonyeza kitufe cha spamu, na Gmail inaandika yote hayo kwenye jina la kikoa chenu, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti: anayetuma kwa Gmail barua elfu tano au zaidi kwa siku lazima kikoa chake kithibitishwe kwa SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayoonyesha kwamba barua imetoka kwake kweli), aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Hata mtumaji mdogo kama ninyi anatakiwa awe na SPF au DKIM. Mwite fundi anayewaangalizia kikoa, mwulize hayo majina matatu. Akiyakodolea macho, tafuteni mwingine. Na kama mnatuma kutoka anwani ya bure ya Gmail badala ya kikoa cha kampuni, achaneni nayo. Mnunuzi anayetaka kukukabidhi hela ya malipo ya awali ataitazama anwani hiyo mara mbili.

Hili ndilo la kumwambia bosi, kwa heshima: sifa ya kikoa ikiharibika, hazipotei barua za matangazo peke yake. Ankara unayomtumia mteja wenu wa zamani nayo inaishia kwenye spamu. Hapo anaweza kusikia, kwa sababu ni pesa ambayo tayari ni yake.

Halafu ipo sheria. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na ofisi ya kuisimamia. Mtu ana haki ya kukuandikia na kukutaka uache kutumia taarifa zake kumtangazia biashara. Wale waliosema "niondoe" uwaondoe leo, wasisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa utapata wapi wateja? Wewe mwuza lebo una bahati ambayo mwuza bima hana: bidhaa ya mteja wako iko rafuni, na ina anwani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinadai jina na anwani ya mtengenezaji ziwemo kwenye lebo, pamoja na viungo, ujazo, namba ya toleo na tarehe. Ingia supamaketi ya Ntinda au Nakawa na daftari. Shika asali, shika siagi ya karanga, shika kahawa ya kusaga, geuza nyuma. Ndani ya saa moja una orodha ambayo hakuna kijana anayeweza kukuuzia, na kila jina una sababu ya kumwandikia, kwa sababu umeishika bidhaa yake. Maonyesho ya wenye viwanda pale Lugogo na yale ya kilimo ya Jinja ni mahali pengine. Humo wazalishaji wadogo wanasimama wenyewe nyuma ya meza, na ukimwandikia baadaye anakumbuka sura.

Usiandike kwa anwani ya "info" kama unaweza kuepuka. Piga simu iliyo kwenye lebo, salimia, uliza: nani anashughulika na vifungashio? Katika kiwanda kidogo ni mwenyewe. Katika kikubwa kidogo ni meneja wa uzalishaji au afisa ununuzi, na hao wawili hawasumbuliwi na jambo moja: wa uzalishaji anataka lebo isigande kwenye mashine, wa ununuzi anataka mzigo ufike siku iliyosemwa. Ofisi za serikali ziache kabisa kwa njia hii. Zinanunua kwa utaratibu wa PPDA, mamlaka ya ununuzi wa umma, kwa matangazo na usajili wa wazabuni, na barua yako tamu haina pa kuingilia.

Tuseme umeshika chupa ya yogati kutoka Mbarara, umekuta lebo ya karatasi imekunjamana. Barua ingekuwa hivi:

"Mada: Lebo ya yogati yenu ya nusu lita

Bwana Fulani, habari za kazi.

Wiki hii nilinunua yogati yenu ya nusu lita katika supamaketi moja ya Ntinda. Yogati ni nzuri, lakini lebo ilikuwa imelowa na kukunjamana, na tarehe ya mwisho wa matumizi ilisomeka kwa shida. Mara nyingi hiyo ni karatasi inayonywa unyevu wa friji.

Sisi tunachapa lebo za plastiki nyembamba zisizonywa maji. Nikikutumia ishirini tupu za saizi hiyo kwa basi, bila malipo, mtazibandika kwenye chupa mkaziweka kwenye friji usiku mmoja?

Jina lako, jina la kampuni
Nasser Road, Kampala. Simu na WhatsApp: namba yako
Tunatoa ankara ya EFRIS."

Hakuna katalogi. Hakuna "inayoongoza". Mada inataja kitu chake, kwa hiyo hata kabla hajafungua anajua si mkupuo. Salamu ipo, maana sisi si watu wa kuingia bila hodi, lakini ni mstari mmoja. "Natumaini barua hii imekukuta salama" imetumika hadi haina tena salamu ndani yake. Swali la mwisho linajibika kwa "tuma" au "hapana", na hata "hapana" ni faida kwako kwa sababu unafuta jina na kuendelea. Nimesema lebo tupu makusudi. Kuchapa mchoro wake bila kumuuliza kuna watu wanaona ni uchokozi, na wengine watadhani umeshaiba nembo.

Kosoa kwa adabu. Ukikuta lebo haina namba ya toleo au tarehe, usimwandikie kama mkaguzi wa UNBS, shirika la viwango, aliyekuja kumfungia kiwanda. Sema ulichoona, basi. Na usiseme umeona kitu ambacho hukukiona. Mtu wa Mbarara anajua friji zipi mjini zina bidhaa yake. Ukimdanganya hapo mwanzo umeshamaliza.

Mstari wa EFRIS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato, unaonekana mdogo, lakini nisingeuacha. Mhasibu wa kampuni iliyosajiliwa atauliza ankara ya URA kabla hajauliza ubora wa wino, na mchapaji asiyeweza kuitoa anaondolewa kwenye mazungumzo kimyakimya. Vilevile usiifiche anwani ya Nasser Road. Najua wengine wakiisikia wanakumbuka nyaraka za kughushi. Wanaokumbuka hivyo watagundua mko wapi siku ya kwanza ya kuja. Heri wajue mapema, na uwaalike waje waione mashine ikizunguka.

Asipojibu? Wengi hawatajibu, hata barua ikiwa nzuri, kwa hiyo usikate tamaa kwa kimya cha wiki. Baada ya siku chache andika tena juu ya barua ileile, ili asilazimike kuitafuta, na uongeze kitu kipya: picha ya lebo ya karatasi na ya plastiki zikiwa zimelala friji moja, kwa mfano, picha ndogo isiyomla data. Usimwandikie "nakumbushia tu barua yangu ya juu". Hilo linamkumbusha deni asilokopa. Mara ya tatu mwambie kwamba hutamsumbua tena na namba yako iko hapo chini. Kisha timiza ahadi hiyo. Ukitaka kumrudia, rudi baada ya miezi, ukiwa na sababu nyingine.

Na tazama kalenda ya mteja kuliko ya bosi wako. Anayeuza zawadi na vyakula vya Krismasi anaamua vifungashio vyake Septemba au Oktoba. Ukimwandikia Desemba unamkuta ana maboksi hadi darini. Wa kahawa ya Mlima Elgon mtafute kabla msimu mkuu wa mwishoni mwa mwaka haujamkaba. Kampuni nyingi hufunga mwaka wa hesabu 30 Juni kama serikali, na mwezi huo afisa ununuzi ama anamaliza bajeti ama hana hata shilingi, hakuna katikati.

Yule aliyeuliza bei akanyamaza ananiuma zaidi ya wote, kwa sababu huyo alishafika mlangoni. Nadhani ulimtumia orodha ya bei. Akatazama bei ya lebo mia tano, akaona ghali, akaondoka bila kujua kwa nini ni ghali. Wewe unajua: kuandaa sahani ya kuchapia na kisu cha kukatia umbo kunagharimu ileile, uchape mia tano au elfu ishirini, na gharama hiyo ikigawanywa kwa lebo chache kila moja inakuwa nzito. Yeye hajui. Mtu akiuliza bei, mjibu siku hiyohiyo kwa viwango viwili au vitatu vya idadi, sema waziwazi kwamba oda ya pili itakuwa nafuu kwa sababu sahani na kisu tayari vipo, halafu uliza: kwa mwezi mnajaza chupa ngapi? Jibu la swali hilo litakuonyesha kama ni mteja wa leo au wa mwakani. Mwandikie tena huyo. Mwambie ulimtumia bei bila maelezo na sasa unataka kumpa maelezo.

WhatsApp usiihamie, iongeze. Ujumbe wa WhatsApp kutoka namba ngeni, wenye tangazo la uchapaji, unazuiwa haraka kuliko barua pepe, tena simu ya mtu ni ya nyumbani kwake, ina picha za watoto. Anza kwa barua pepe. Akijibu, hapo mwulize kama unaweza kumtumia picha za sampuli kwa WhatsApp. Wengi watakuambia ndiyo, na mazungumzo ya saizi, rangi na siku ya kuchukua mzigo yataenda huko kwa kasi kuliko barua kumi. Ila bei ya mwisho na mchoro uliokubaliwa virudishe kwenye barua pepe. Siku mteja akisema "mimi nilitaka kijani", utamwonyesha.

Bosi bado atataka idadi. Usibishane naye kwa maneno. Mwombe mwezi mmoja: yeye aache mkupuo upumzike, wewe uandike barua chache kila siku kwa watu ambao bidhaa zao umezishika, na mwisho wa mwezi muweke mezani majibu yenye swali, sampuli zilizotumwa na oda. Mwambie pia akulipie zile bidhaa za rafuni utakazonunua. Ni gharama ndogo kuliko ile orodha, na yogati mtakunywa.

Wa Goma na Bunia waandikie Kiswahili. Ndiyo lugha ya soko lao, na anayekuja Kikuubo, soko la jumla la Kampala, kuchukua mzigo anaongea nayo siku nzima; Kiingereza chako kitamfanya atafute mtu wa kumsomea, na mtu huyo huenda akawa na binamu mchapaji. Mwenye kampuni kubwa anaweza kutaka karatasi za Kifaransa baadaye, akitaka atasema. Kwao barua iwe fupi zaidi, namba ya WhatsApp iwe juu badala ya chini, bei iwe ya dola, na useme wazi mzigo unaukabidhi wapi: dukani kwenu Kampala, au kwa wakala wake mpakani Bunagana au Mpondwe. Mteja wa kuvuka mpaka huuliza hilo kabla ya kuuliza lebo ni ya karatasi au ya plastiki.